Samaki hawaelewani kwenye tangi jipya la matumbawe: dalili, visababishi na la kufanya

Kabla hujamlaumu samaki yeyote, jibu swali moja: tatizo ni la mmoja au la wote?

Wote wakianza kuhema kwa kasi, kupauka au kususia chakula ndani ya siku moja, shuku maji. Akiwa mmoja tu, na wenzake wanaogelea na kula kama kawaida, basi ama kuna anayemwonea, ama amekuja na ugonjwa kutoka dukani, ama hapati chakula anachokijua. Ukianzia hapo hutakimbilia dawa. Dawa nyingi za vimelea vya samaki wa baharini zina madini ya shaba, na shaba huua kamba, konokono na matumbawe. Ikishanywewa na mawe na mchanga, kuitoa ni kazi kubwa.

Swali la pili: tangi lina umri gani? Bakteria wanaogeuza amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, kwa kawaida huhitaji wiki 4 hadi 6 kujaa kwenye mawe na mchanga. Vipimo vya amonia na nitriti visiposoma 0, hakuna orodha ya samaki wapole itakayokuokoa. Vikishasoma 0 ndipo tunaweza kuanza kuzungumza tabia, na hapo mengi huanzia dukani: samaki alichaguliwa kwa rangi yake, wala hakuna aliyeuliza mdomo wake unaingia nini, analinda eneo gani, na atakuwa na ukubwa gani akikomaa.

Wote wanahema, baadhi wamepanda juu

Pima amonia, kisha joto, kisha chumvi. Maji ya bahari yana pH ya kama 8.1 hadi 8.4, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa sumu. Kiasi ambacho samaki wa maji yasiyo na chumvi angekivumilia humuumiza wa baharini. Joto likae kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi. Haidromita, yaani kipimo cha chumvi ya maji, isome 1.025 au 1.026, yaani chumvi ya takriban sehemu 35 kwa elfu.

Vipimo vikiwa sawa, angalia uso wa maji. Ukiwa umetulia tuli au una utando wa mafuta, hewa haiingii vizuri; elekeza pampu moja juu ili uso uchezecheze. Usiku hali huwa mbaya zaidi kwa sababu mwani nao hutumia oksijeni taa zikizimwa. Samaki wakihema alfajiri na kutulia mchana, jibu umelipata.

Amonia ikionekana kwenye tangi lililokuwa limeshatulia, kwa kawaida mtu ameingiza samaki wengi kwa mpigo. Bakteria huongezeka kulingana na uchafu uliopo. Samaki 4 wapya siku moja ni mzigo ambao hawakuuzoea. Badilisha sehemu ya maji, punguza chakula, na usiongeze kiumbe chochote mpaka vipimo virudi 0. Ukianza tena, ingiza mmoja au wawili, kisha subiri wiki 2 au zaidi.

Mmoja amejibanza kwenye kona ya juu, mapezi yamechanika

Hii ndiyo dalili inayosomwa vibaya kuliko zote. Samaki anaelea karibu na uso wa maji, nyuma ya hita au kwenye kona yenye mkondo mkali, rangi imefifia, chakula hataki. Mwenye tangi anasema anaumwa. Rudi nyuma hatua mbili tatu, kaa kimya robo saa, utazame. Ugonjwa hauna ratiba, lakini mwonevu anayo: kila huyu anaposhuka kufikia jiwe fulani, samaki yuleyule anatoka, anamfukuza hadi mpaka uleule, kisha anarudi zake. Mapezi nayo yanasema. Yanayooza kwa bakteria huwa na ukingo mweupe au mwekundu unaoliwa polepole. Yaliyong'atwa huwa na pengo lenye kingo kali, mara nyingi mkiani, maana anayekimbia huacha mkia nyuma.

Mshukiwa wa kwanza ni damseli. Huuzwa kwa bei nafuu, ni wagumu kufa, na kwa sababu hiyo wanaoanza hushauriwa kuwatanguliza. Mimi nauona ushauri huo ndio uliovuruga matangi mengi kuliko mwingine wowote. Dascyllus trimaculatus, yule mweusi mwenye madoa meupe matatu, dukani ana ukubwa wa sarafu na anapendeza. Akikomaa anafika kama sentimita 14 na tangi zima amelifanya lake. Aliyetangulia kuingia ndiye mwenye nyumba. Kila atakayefuata ni mgeni aliyevamia.

Wa pili ni samaki wadogo wa jenasi ya Pseudochromis, wa aina kadhaa, pamoja na Pseudocheilinus hexataenia, samaki mdogo wa mistari sita. Hawa wawili hawaogopi mwili mkubwa. Kwenye tangi dogo huwakimbiza wageni wanaowazidi ukubwa, na wakishazeeka humo hakuna mpole atakayeingia kwa amani.

Wa tatu ni kangaja. Fahali wawili hawakai zizi moja, na msemo huo unawafaa hawa kuliko samaki mwingine ninayemfahamu. Kila kangaja ana mwiba mkali kama wembe kwenye shina la mkia, na ugomvi wao hauishii kwenye kutishana. Wanaofanana umbo ndio hugombana zaidi: Zebrasoma na Zebrasoma mwenzake, Acanthurus na Acanthurus mwenzake. Ukimtaka kangaja, mchukue mmoja, na kwa tangi linalomfaa. Wa njano, Zebrasoma flavescens, hufika sentimita 20 na anahitaji tangi la urefu wa mita 1.2 au zaidi. Wa bluu, Paracanthurus hepatus, huuzwa akiwa na sentimita 4 au 5, kisha hukua hadi karibu 30. Huyo si wa tangi la mezani, hata muuzaji akuapie.

Umegundua mwonevu, sasa ufanyeje? Ugomvi wa siku 2 au 3 za kwanza, wa kufukuzana bila majeraha, mara nyingi huisha wenyewe. Zima taa, ongeza chakula kidogo, waache wapimane. Mapezi yakianza kukatika, au mgeni akakosa kula kwa siku 3, usingoje. Mweke mgeni ndani ya kisanduku cha plastiki angavu chenye matundu, kining'inizwe humohumo ndani ya tangi, aonekane bila kufikiwa. Baada ya siku 4 hadi 7 wenyeji wengi huwa wamemzoea. Siku ya kumwachia, panga mawe upya kwanza: mpaka wa zamani ukivunjika, kila mmoja anaanza kutafuta mahali upya, na mgeni anapata nafasi sawa. Kwa kangaja, wafugaji hubandika pia kioo cha kujitazamia nje ya tangi; mwenyeji hupoteza nguvu akipigana na sura yake mwenyewe. Inafanya kazi mara kwa mara, si kila mara.

Dawa ya kweli ni mpangilio: mwoga aingie kwanza, mkorofi mwisho. Kwa tangi la lita 200, mimi ningeanza na gobi mmoja, samaki mdogo wa sakafuni, anayeishi shimo moja na kamba wa jenasi ya Alpheus. Kamba huchimba, hana macho makali, na akitoka nje huacha papasi yake imegusa mwili wa gobi. Gobi akitikisa mkia, wote wawili wameshaingia shimoni. Kisha Nemateleotris magnifica mmoja, yule mwenye pezi refu jembamba mgongoni, ambaye hana ugomvi na mtu isipokuwa wa aina yake. Baadaye Gramma loreto mmoja, nusu zambarau nusu njano. Samaki wa anemoni wawili, wale ambao baharini hujificha ndani ya anemoni (kiumbe laini mwenye minyiri inayochoma), wangefunga orodha. Ni samaki 5, na kwa lita 200 nisingeongeza wengine.

Samaki wawili wa anemoni, mmoja anatetemeka

Usitafute dawa. Samaki hawa wote huanza maisha wakiwa madume. Aliye mkubwa kuliko wenzake hugeuka jike, na akishageuka harudi tena kuwa dume. Mdogo akilala ubavu kidogo na kutetemeka mbele ya mkubwa, anamwambia kwamba amekubali kuwa chini yake. Hiyo ni ishara ya ndoa kukubalika.

Hatari ipo wanapolingana. Ukinunua wawili wakubwa kutoka sehemu mbili tofauti, inawezekana wote wameshakuwa majike, na hapo watapigana mpaka mmoja afe. Chagua wawili wadogo, mmoja akionekana wazi kuwa mkubwa kidogo. Amphiprion ocellaris na Amphiprion percula ndio wapole. Yule wa rangi ya damu ya mzee, mwenye mwiba shavuni, Premnas biaculeatus, ni mkali tangu utotoni, na jike lake halicheleweshi kumshambulia hata mwenye tangi anapoingiza mkono.

Samaki hawa hawamhitaji anemoni ili waishi. Kwenye tangi jipya anemoni mwenyewe hufa kirahisi, na akifa ndani ya maji anayachafua yote.

Walinunuliwa kundi, wanapungua mmoja mmoja

Kromisi wa kijani, Chromis viridis, baharini huishi kwa makundi makubwa. Kwenye tangi, wanaoingia 7 mara nyingi hubaki 2 au 1 baada ya miezi kadhaa. Ndani ya kundi dogo kuna ngazi ya ukubwa, na kila wa mwisho akifa, anayemfuatia anakuwa wa mwisho. Kwa sababu hakuna vita vya wazi, watu hudhani ni maji. Kagua pia ubavu: jeraha jekundu linalopanuka haraka kwa kromisi huwa ni kimelea Uronema, na huyo atolewe mara moja.

Pterapogon kauderni wa visiwa vya Banggai, Indonesia, naye anafanana: ukinunua 5, jozi ikishapatana huwaandama wengine. Nunua jozi iliyokwisha kupatana, au mmoja peke yake.

Mgeni anakula, lakini anakonda

Mtazame kwa mbele na kwa juu. Tumbo lililobonyea na mgongo uliochongoka nyuma ya kichwa ni njaa ya muda mrefu, hata kama unamwona akidonoa siku nzima. Mandarini, Synchiropus splendidus, ndiye mfano wa kusikitisha. Anakula kopepodi na viumbe vingine vidogo mno wanaotambaa kwenye mawe, karibu kila dakika ya mchana. Tangi jipya halina hao wa kumtosha. Atadonoa mawe matupu na kufa kwa njaa polepole mbele ya macho yako. Subiri tangi lifike karibu mwaka na liwe na mawe mengi, au mnunue aliyekwisha kuzoea chakula cha kugandishwa, na umwone akila kwa macho yako kabla hujalipa. Samaki msafishaji, Labroides dimidiatus, yumo kundi hilo: chakula chake ni vimelea na ute wa miili ya samaki wengine, na tangi la samaki 5 halina wateja wa kumtosha.

Wengine wanakonda kwa sababu wanatanguliwa. Farasi wa baharini hawezi kushindana na samaki wanaokimbilia chakula. Yeye huviringisha mkia, hutazama, huwaza, na kufikia hapo chakula kimekwisha. Tangi lake liwe la peke yake. Kangaja anaweza kukonda akila nyama tu, kwa kuwa utumbo wake ni wa kusaga mwani. Mbanie karatasi ya mwani mkavu kwenye kioo kila siku. Pseudanthias, samaki wadogo wa makundi, wanahitaji kulishwa mara kadhaa kwa siku. Kama unarudi nyumbani jioni tu, achana nao.

Kamba wametoweka

Kwanza hakikisha amekufa kweli. Kamba hujivua gamba, na gamba tupu lina miguu, papasi na hata vifuniko vya macho. Wengi huzika gamba na kumlilia kamba ambaye amejificha nyuma ya jiwe akisubiri gamba jipya liwe gumu. Gamba tupu hupenyeza mwanga na limepasuka mgongoni. Subiri siku 2 au 3.

Asipotokea, kumbuka kwamba samaki hula kinachoingia mdomoni. Kikande na bunju wana meno ya kuvunja magamba, na kwao kamba, kaa na konokono wote ni mlo. Oxycirrhites typus, yule mwembamba wa miraba myekundu anayekaa juu ya jiwe akitazama chini, ni mpole kwa samaki wenziwe lakini kamba wadogo huwala. Pterois, samaki mwenye miiba ya sumu na mapezi yaliyotandazwa, hajawahi kugombana na mtu. Humeza tu, samaki wa karibu nusu ya urefu wake akiwemo. Chewa mdogo na mkunga ni hivyohivyo. Muuzaji akikwambia samaki fulani ni mtulivu, muulize anatulia akila nini.

Matumbawe yamefumba

Usimhukumu samaki kabla ya kupima maji, maana matumbawe hufumba kwa mabadiliko ya chumvi au ya madini bila kuguswa na yeyote. Yakifumba yote, ni maji. Yakifumba ya aina moja tu, au kichwa kimoja, keti utazame.

Kitatange wengi wa jenasi ya Chaetodon huishi kwa kula minyiri ya matumbawe. Hakuna mafunzo yatakayombadilisha. Pomacanthus wakubwa, aina ya samaki malaika, nao ni hatari. Jamaa zao wadogo wa jenasi ya Centropyge, kama bispinosa na loriculus, ni bahati nasibu: mmoja atakaa miaka bila kugusa kitu, mwingine ataanza baada ya mwezi. Kumlisha vizuri kunapunguza udonoaji, hakuutokomezi. Mimi ningemwacha kabisa kama matumbawe yako ni ya gharama. Chelmon rostratus, mwenye mdomo mrefu, hununuliwa ili ale anemoni waharibifu aina ya Aiptasia, na wengi hufanya kazi hiyo, ila hula pia minyoo yenye mashada, na mara nyingi hukataa chakula cha tangi hadi kufa.

Kuna kosa linalofanana na kudonoa. Samaki wa anemoni asiye na anemoni anaweza kuchagua tumbawe lenye nyama nene na kujisugua humo usiku na mchana. Halili. Lakini tumbawe dogo halivumilii kusuguliwa huko. Lisogeze au liwekee kizuizi mpaka likue.

Chembe nyeupe mwilini

Chembe zinazohesabika, za ukubwa wa punje ya chumvi, ni Cryptocaryon irritans. Vumbi laini lisilohesabika, pamoja na kuhema sana na kukimbilia mkondo wa pampu, ni Amyloodinium ocellatum, na huyo huua ndani ya siku chache, kwa hiyo usingoje kesho. Samaki wa anemoni aliyejaa ute mweupe unaobanduka huenda ana Brooklynella hostilis.

Wengi hudanganyika na Cryptocaryon. Baada ya siku chache chembe hudondoka, samaki anaonekana amepona, na mwenye tangi anashukuru. Kimelea kimeshuka tu kujigawa kwenye mchanga na mawe. Vitarudi vikiwa vingi. Kamba msafishaji hakimalizi. Samaki wote watolewe, watibiwe kwenye tangi la pembeni lisilo na mawe wala matumbawe, na tangi kuu libaki bila samaki. Siku zinazoshikwa na wafugaji wengi ni 76. Ugomvi huchangia pakubwa, kwa sababu samaki anayeonewa ndiye wa kwanza kuzidiwa. Karantini ya wiki 4 hadi 6 kwa kila mgeni inachosha, lakini haifikii uchovu wa siku 76.

Samaki hayupo kabisa

Tazama sakafuni, nyuma ya kabati. Nemateleotris na gobi huruka wakishtuliwa, hasa usiku wa kwanza. Funika tangi kwa wavu mwembamba badala ya kuacha wazi. Kisha pima amonia: ikipanda, kuna mzoga chini ya mawe. Minyoo wenye nywele utakaowakuta wakila mzoga hawakumuua, usiwaadhibu. Kama una anemoni mkubwa wa aina ya Stichodactyla, jibu huenda liko ndani yake.

Mkorofi lazima atoke

Kumkimbiza kwa wavu kwenye tangi lenye mawe ni kuwasumbua wote kwa ajili ya mmoja. Kata chupa ya plastiki shingoni, geuza shingo iingie ndani, weka chakula, iache humo bila kuigusa siku nzima. Mkorofi kwa kawaida ndiye mwenye kiburi cha kuingia kwanza. Ikishindikana, subiri saa 2 au 3 baada ya taa kuzimwa, umulike kwa tochi: wengi hulala mahali palepale kila usiku, na wakati huo ni wazito.

Akishatoka, mweke pembeni kama wiki 2. Wapole wagawane mawe, ndipo umrudishe jioni taa zikiwa zimezimwa, akiwa sasa yeye ndiye mgeni. Akirudia tabia ileile, mrudishe dukani na umweleze muuzaji alichofanya, asije akamuuza tena kwa mtu mwenye tangi la lita 100.